Msauzi, alumini au vigae vya mawe? Maoni yangu ya mabati kwa nyumba za Dar

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka zake asikae hapa bure. Kama kiwanja chako kiko Goba, Kimara, Chanika, Ukonga na kwingineko mbali na maji, chukua bati la chuma lililopakwa aluzinki (mchanganyiko wa alumini na zinki), la rangi, unene wa geji 28, lenye alama ya TBS, shirika la viwango, na hela inayobaki ongezea kwenye mbao na skrubu. Kama usiku unasikia mawimbi, yani Mjimwema, Kunduchi, Msasani, Mbweni kule chini, jibane uweke alumini. Vigae vya mawe, yani bati la chuma lenye changarawe juu, vizuri sana ila pale unalipia sura na ukimya wakati wa mvua, chuma cha ndani ni kilekile cha msauzi, yale mabati ya migongo mipana. Hayo mengine yote nitakayoandika ni sababu zake, pamoja na mambo ya fundi ambayo ukiyaachia yajiendee utakuja kumlaumu mwenye kiwanda bure.

Mapaa ninayoyasemea ni haya: nyumba ya bi mkubwa Kigamboni upande wa Mjimwema, ukikaa barazani bahari unaiona kwa macho, nyumba yangu Goba, fremu za kaka yangu Mbagala, na banda la kuku la huyohuyo bi mkubwa ambalo nalo lina habari yake. Kwenye familia yetu mimi ndo nimefanywa kamati ya ujenzi bila uchaguzi, mtu akitaka kupaua napigiwa simu mimi, kwa hiyo karibu kila aina ya bati imepita mikononi mwangu isipokuwa shaba.

Tuanze na geji maana hapo ndo watu wanapopigwa. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, geji 32 nyembamba kuliko 30, na 30 nyembamba kuliko 28. Kwa milimita, 28 inacheza kwenye 0.38 mpaka 0.4, 30 iko kwenye 0.3 hivi, na 32 ni kama robo milimita. Tofauti ya moja ya kumi ya milimita kwa macho huioni, na muuzaji anajua kwamba huioni. Kuna duka moja mitaa ya Gerezani, jina naliacha, nilifika na karatasi yangu ya vipimo, jamaa akanipokea vizuri na maji ya kunywa akanipa.

"Kaka hii ndo geji 28 yenyewe, orijino, mzigo umeingia jana."

"Sawa kaka, naomba nipime."

"Sasa unapima nini tena bosi wangu, si imeandikwa hapo?"

Imeandikwa kweli, wino mweusi, ubavuni, vizuri kabisa. Nikatoa kale kakifaa ka kubana ka kupimia unene wa vyuma, nikabana ukingo wa bati, kikasoma 0.30 na rangi yake juu. Ukitoa rangi chuma chenyewe kinashuka chini ya hapo, maana yake nilikuwa nauziwa geji 30 iliyokonda kwa bei ya 28. Jamaa wala hakushtuka, akasema "basi bosi tuongee bei". Yani bati limechakachuliwa halafu tuongee bei! Nikamrudishia maji yake nikatoka. Toka siku hiyo nauliza milimita tu, na nataka milimita hizo ziandikwe kwenye risiti ya EFD, anayeuza mzigo halali haoni tabu kuandika, anayekwepa ujue sababu anayo.

Ila unene ni nusu tu ya habari. Bati linauawa na kutu, na kinachozuia kutu ni ile ngozi ya madini iliyopakwa juu ya chuma kabla rangi haijaja. Hapa kwetu ngozi ni mbili. Ya kwanza ni zinki tupu, yale mabati meupe ya migongo midogo tuliyokulia chini yake wote, ukiliangalia jipya unaona maua maua ya kumetameta. Ya pili ni aluzinki, mchanganyiko ambao kwa uzito ni alumini asilimia 55, zinki 43 na ushee, na silikoni kidogo kama moja na nusu. Huu mchanganyiko ulianza kuuzwa na kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani mwaka 1972, sio mambo ya juzi, na leo dunia nzima wanaufanya. Akili yake ni kwamba alumini inakaa kama ukuta haipitishi maji wala hewa kufika kwenye chuma, na zinki inajitoa mhanga pale palipokwaruzwa au palipokatwa, inaliwa yenyewe kwanza chuma kibaki. Kwa unene uleule wa ngozi, aluzinki inadumu mara kadhaa zaidi ya zinki tupu kwenye mazingira mengi, ila sio yote, nitakuja kwenye banda la kuku.

Sasa ngozi nayo ina vipimo, na hapa ndo hata mafundi wazoefu wanakuwa wageni. Inapimwa kwa gramu kwenye mita moja ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Ukiona AZ150 maana yake gramu 150 za aluzinki, ambayo ni kama mikroni 20 kila upande, mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Zinki tupu ya Z275 ni gramu 275 na inakupa mikroni 20 hizohizo, zinki ni nzito kuliko alumini ndo maana gramu zinapishana. Kuna AZ70, kuna AZ50, na zote zikishapigwa rangi ya chakoleti au kijani cha chupa zinafanana kama mapacha. Ukiuliza dukani "hii AZ ngapi" wengi wanakujibu rangi. Kiwandani au kwa wakala wao mkubwa wanakujibu bila kusita, na hiyo peke yake inatosha mtu kufunga safari mpaka Barabara ya Nyerere, kule Vingunguti na Kipawa ambako viwanda vimejipanga, ALAF wako huko na wapo toka 1960, na wengine wapya wengi tu wameongezeka, zungukeni wenyewe mlinganishe.

Na hili neno msauzi lisikubabaishe, linataja shepu tu, migongo mipana yenye pembe, IT4 na IT5 sijui nini. Ndani inaweza kuwa aluzinki ya maana au zinki ya kubahatisha iliyopigwa rangi nzuri. Shepu haizuii kutu.

Goba niliweka msauzi aluzinki geji 28 rangi ya kijivu. Sina la kulalamika. Masika yamepita juu yake, jua la kaskazi limepita, rangi imepauka kidogo upande wa magharibi lakini hapajatokea doa. Kuhusu joto, rangi ya mwanga inasaidia kweli, fremu za kaka Mbagala zina bati la maruni iliyoiva na ukiingia saa nane mchana bila dari unatoka umelowa, kijivu changu na singibodi kidogo naishi. Kelele za mvua ndo usiulize, masika ya mwezi wa nne TV inabaki picha tu. Hilo la kelele ni la bati lolote lisilo na kitu chini yake, msiidanganye nafsi kwamba geji nene inanyamaza.

Kigamboni ndo kwenye kesi yenyewe. Nyumba ya bi mkubwa ya kwanza ilikuwa na zinki tupu ya zamani, halafu miaka ikaenda tukabadilisha nusu tukaweka msauzi wa rangi, na hapo ndo nikajifunza kitu ambacho sikuwahi kuambiwa na muuzaji yeyote. Kutu haikuanzia juu ambako mvua inapiga na jua linachoma. Ilianzia chini ya vipenu, ule upande wa ndani wa bati linalotokeza nje ya ukuta, upande unaoangalia bahari. Nilipanda ngazi nikapitisha kidole pale, kikarudi na unga mweupe wenye chumvi chumvi kabisa, ukilamba unaijua, na chini ya unga rangi imeumuka vipele, ukibonyeza kipele kinapasuka na ndani kuna kahawia. Juu ya paa upande uleule bati safi. Sababu ni kwamba upepo wa bahari unabeba chumvi unaipaka kila mahali, juu ya paa mvua inakuja inaosha, chini ya kipenu mvua haifiki mwaka mzima, chumvi inakaa pale inavuta unyevu wa Dar ambao hauishi na inakula taratibu. Kwa hiyo mwenye nyumba ya ufukweni, mpira wa bustani usimwagilie maua tu, mara moja moja kiangazi elekeza juu chini ya vipenu uoshe. Hiyo haigharimu kitu.

Kutu ya pili ilikuwa kwenye kingo zilizokatwa na grenda. Jamani grenda! Fundi anaipenda maana inakata haraka na inapiga kelele kazi inaonekana, lakini moto wake unaunguza rangi na ngozi ya madini kwa upana wa kidole kando ya mkato, halafu zile cheche ni vichembe vya chuma vya moto, vinaruka vinanata kwenye bati zima, na masika ya kwanza tu kila kichembe kinageuka nukta nyekundu. Ukiona paa jipya lina madoadoa mekundu kama lina surua ujue lilikatwa na grenda na halikufagiliwa. Mwambieni fundi akate kwa mkasi wa bati au mashine ya meno inayong'ata bati bila moto, na jioni kabla hajashuka afagie paa. Atanuna. Anune.

Sasa alumini. Bi mkubwa safari hii tumemwezekea alumini paa zima, na hii ndo review ninayotaka kuiandika kwa raha. Alumini haina kutu nyekundu kwa sababu hakuna chuma ndani, ikikutana na hewa inajitengenezea utando wake mwembamba mgumu, ukikwaruza utando unarudi wenyewe. Kwa pwani tafuta ile iliyochanganywa manganizi au magnesi, ndo inayotumika kwenye mapaa ya ufukweni. Ni nyepesi ajabu, uzito wake ni kama theluthi ya chuma kwa ukubwa uleule, vijana wawili walikuwa wanarusha bati la mita sita juu kama wanatundika shuka. Kujua kama umeuziwa yenyewe ni sumaku tu, ya mlango wa friji inatosha, ikinata hilo ni chuma limepakwa, ikidondoka ni alumini.

Kasoro zake nazo zipo na wauzaji hawazitaji. Bei kwanza, inazidi msauzi wa maana kwa mbali na inafuata dola, kwa hiyo bei niliyopata mimi haitakusaidia wewe. Pili ni laini, hivyo usinunue nyembamba, sisi tulichukua 0.7, na fundi lazima akanyage pale penye papi tu, zile mbao zinazobeba bati, akikanyaga katikati anaacha bonde na maji yanakaa. Tatu inatanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto. Piga hesabu, bati la mita sita likitoka ubaridi wa alfajiri mpaka joto la paa saa saba mchana, tuseme nyuzi 40 za tofauti, alumini inarefuka milimita tano na nusu, chuma chini ya tatu. Ndo maana jioni jua likizama pale Mjimwema paa linalia tak, tak, tak, wiki ya kwanza bi mkubwa alinipigia simu kwamba kuna mtu anatembea juu. Hakuna mtu mama, ni bati linarudi saizi yake. Lakini maana yake pia tundu la skrubu liachwe na nafasi kidogo na raba iwe pana, fundi akikaza mpaka mwisho tundu linapanuka lenyewe na panavuja.

Nne, wezi. Alumini ina soko kwa wanunua skrepa, kila mtaa wana mkokoteni wao, na nyumba ambayo haijahamiwa ikiwa na alumini juu ni kishawishi. Sisi tulipaua wakati mlinzi yupo. Kwa wanaojenga kidogo kidogo miaka mitano pori kwa pori huko, hili lifikirieni kabla ya kufurahia sumaku haijanata.

Tano na hii ndo kubwa, alumini haipatani na kila mtu. Ikigusana na madini mengine penye unyevu wa chumvi, moja inaliwa. Shaba ndo adui namba moja, na shaba kwenye nyumba za Dar iko wapi? Kwenye mabomba ya AC. Maji yanayotiririka kutoka kwenye bomba la shaba yakidondokea kwenye alumini au aluzinki, hata kama bomba lenyewe haligusi bati, yanatoboa vishimo. Fundi AC anapandisha mabomba juu ya paa la kuficha, lile lililofichwa nyuma ya ukuta, anayalaza juu ya bati, anaondoka zake, wewe unakuja kushangaa tundu miaka michache baadae. Yapitisheni ukutani, au yawe yamevikwa vizuri na maji yashushwe kwa bomba la plastiki. Halafu mbao zenye dawa ya shaba, zile zenye ukijani, zikauke kabisa kwanza, na kati ya papi na alumini sisi tulitandika kipande cha karatasi ya lami, kazi ya siku moja.

Skrubu sasa, maana nimeona mapaa mazima yameuawa na skrubu. Alumini inataka skrubu za chuma kisichoshika kutu, zile za stenlesi, kichwa kidogo kwenye bati kubwa hakina madhara makubwa. Aluzinki kinyume chake, usiwekee stenlesi, ngozi inayoizunguka inaliwa haraka zaidi, tumia skrubu zilizopakwa vizuri na kiwanda chenyewe kinachouza bati. Na zote ziwe na raba ya maana sio ile ngumu inayopasuka kabla ya Krismasi. Mbagala fremu za kaka bati ni zima mpaka leo ila vichwa vya misumari vimeoza, kila kichwa kina mchirizi wa kahawia mpaka kwenye gata, na upepo wa kusi ukivuma pembe moja inapiga makofi. Kuokoa hela kwenye skrubu ni kujichekesha.

Ndugu zangu wa nyumba za kisasa za paa la kuficha, lenu hili. Fundi akishamaliza ukuta wa kuzunguka anapenda kuziba ile njia kati ya bati na ukuta kwa saruji, anapiga lipu imeshuka mpaka juu ya bati, anasema imeziba milele. Saruji mbichi ina ukali wa chokaa na inakula alumini na aluzinki vibaya mno, zinki tupu inavumilia kiasi zaidi. Weka kipande cha bati kilichokunjwa kilichoingia ukutani, yani flashingi, na silikoni, na lipu imalizwe kabla bati halijapanda. Kama saruji imedondoka juu, ioshwe palepale ikiwa mbichi. Nyumba tatu nne za jirani Goba nimeona zinavuja na zote zinavujia palepale ukutani, watu wanalaumu bati.

Banda la kuku nalo, nilitaka kutumia mabaki ya aluzinki, nikazuiwa na mtu wa kiwandani mwenyewe, akasema hewa ya mbolea inatoa ukali uleule wa kushambulia alumini iliyomo kwenye ngozi, na waranti zao mabanda ya mifugo hazihusiki. Tukaweka zinki tupu ya migongo midogo, bei rahisi. Muuzaji anayekuzuia kununua anapata nyota zangu zote.

Vigae vya mawe nisivionee. Rafiki yangu Mbezi Beach anavyo, ile ya chuma cha aluzinki iliyogandishwa changarawe za mawe juu, na nilipolala kwake mvua ikinyesha nikasikia mvua ya kawaida ya binadamu. Sura nzuri, uzito ni kama kilo saba kwa mita ya mraba wakati vigae vya zege vinafika 40 na zaidi, kwa hiyo kenchi, zile mbao za kubeba paa, hazihitaji kuwa za daraja la Kigamboni. Lakini vipande ni vidogo, maungio mengi, skrubu nyingi, fundi awe anajua kweli, na changarawe za mwanzo mwanzo zinapukutika zinajaa kwenye gata, usipaniki. Ukitaka kwa ajili ya pwani uliza AZ ya chuma cha ndani kwanza ndo uulize rangi.

Shaba na stenlesi kuezekea nyumba nzima nitapita haraka. Zinadumu, shaba hasa, sanamu ya Askari pale mjini ni ya shaba nyeusi iko pale toka 1927 na bahari ni hapo chini tu. Lakini kwa bei yake na hao jamaa wa mikokoteni niliowataja, utalala juu ya paa wewe mwenyewe. Stenlesi ya pwani inatakiwa iwe daraja la 316, ile 304 ya masinki inatoa madoa ya rangi ya chai kwenye upepo wa chumvi. Kwa hoteli sawa.

Kuhusu kununua. Kiwandani unapeleka vipimo wanakukatia urefu unaotaka, kwa hiyo kutoka kofia ya juu ya paa mpaka gata bati moja halina maungio, dukani unachukua za saizi zao unaunga njiani na kila maungio ni mlango wa maji. Tulisubiri siku chache, sio tabu. Tabu ilikuwa usafiri, nikakodi kirikuu kuokoa hela, mabati ya mita sita yakawa yananing'inia nyuma yanapigapiga mpaka Daraja la Kigamboni, mawili yakafika yana mkunjo na yakaishia kwenye choo cha nje. Kodi kenta. Na mzigo ukifika usiuache umelaliana chini kwenye mvua, maji yakiingia kati ya bati na bati zinki inatoa unga mweupe na aluzinki inapata weusi kabla hata hujaezeka, ndo maana mabati yaliyorundikwa nje ya duka masika mimi siyagusi hata yakipunguzwa bei. Inua kwenye mbao, inamisha upande mmoja, funika.

Alama zangu. Alumini 0.7 Mjimwema, tisa kwa kumi, moja nimekata kwa ajili ya bei na zile tak tak. Msauzi aluzinki geji 28 Goba nane, hiyohiyo ningeipa tano ufukweni. Vigae vya mawe nane kwa mwenye nazo. Bati la maruni Mbagala sita, kosa sio lake ni la misumari. Zinki tupu ya banda la kuku saba, na walengwa hawajalalamika.